Upasuaji wa Moyo na Kifua: Mfanyakazi Aijue Njia



Katika shamba moja la chai alikuwako dada mmoja, mchumaji hodari. Siku zilivyokwenda kilo zake zikaanza kupungua. Msimamizi akaandika kwamba ni mvivu, na mshahara nao ukapungua. Kumbe dada yule usiku alikuwa analala ameketi, maana akijinyoosha pumzi zinamkata. Jioni miguu ilivimba. Wengine walisema ni pumu, wengine walisema karogwa. Mjumbe wa wafanyakazi alipomsindikiza kituo cha afya, ndipo ikajulikana kwamba ni moyo.

Wengi wetu tukisikia upasuaji wa moyo hudhani ni mambo ya matajiri na ya ng'ambo. Si hivyo tena. Hapa Kigali, katika Hospitali ya Mfalme Faisal, moyo unapasuliwa. Lakini njia ya kufika huko inaanzia mbali, na yatupasa kuijua.

Ugonjwa unatoka wapi?

Moyo ni pampu. Kila aliyefanya kazi kiwandani anajua kwamba pampu haifai kitu kama vali zake hazifungi vizuri. Moyo nao una vali nne, ambazo huipitisha damu upande mmoja na kuizuia isirudi. Katika nchi zetu vali hizo mara nyingi huharibiwa na jambo linaloonekana dogo: maumivu ya koo ya mtoto. Kuna vijidudu vya koo ambavyo visipotibiwa huleta homa ya viungo, yaani homa yenye kuvimba magoti na viwiko. Homa hupona, lakini kovu hubaki moyoni. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, na zaidi pale ambapo watu wengi hulala chumba kimoja. Kovu hilo huweza kukaa kimya miaka mingi. Mtu anakuja kulihisi akiwa kijana, ndoo ya maji kichwani au kikapu cha chai mgongoni.

Dawa ya koo ni penisilini. Ikianza kutumika ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, homa hiyo huzuilika. Aliyekwisha kuipata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, ili vali zisizidi kuharibika.

Njia ya kufikia upasuaji

Kwanza ni kituo cha afya. Pili ni hospitali ya wilaya. Katika hospitali za Rwinkwavu, Kirehe na Butaro wauguzi walifundishwa hata kuutazama moyo kwa mashine ya picha. Tatu ni hospitali kubwa za chuo kikuu, CHUK ya Kigali na CHUB ya Butare. Kutoka huko mgonjwa hupelekwa Faisal. Mwenye mutuelle asiruke ngazi hata moja: bila karatasi ya kuhamishwa, mutuelle hailipi. Akiwa na karatasi, hospitalini mchango wake ni asilimia 10 ya gharama za huduma zinazokubaliwa. Aulize mapema ni zipi zinazokubaliwa.

Zamani mgonjwa alingoja wageni. Tangu miaka ya 2006 hadi 2010 vikundi vya waganga kutoka Australia, Ubelgiji na Marekani vilikuwa vikija, vinapasua kwa majuma machache, kisha vinarudi kwao. Wengine walipelekwa Khartoum, kwenye hospitali ya Salam iliyofunguliwa na Waitalia mwaka 2007, ambako matibabu ni bure. Mwezi wa Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum. Hapo tulijifunza kwamba matibabu yaliyo nchi ya mbali hayana uhakika. Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba Faisal sasa ina kikundi chake cha upasuaji kinachofanya kazi bila kungoja wageni.

Mganga hufungua mfupa wa kifua, na mashine hushika kazi ya moyo na mapafu wakati vali inapotengenezwa au kubadilishwa. Vali ya chuma hudumu sana, lakini mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Vali ya mnyama haidai dawa hiyo siku zote, ila huchakaa. Mwanamke anayetaka kuzaa amweleze mganga kabla vali haijachaguliwa, kwa sababu dawa ile yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Upasuaji wa kifua si wa moyo peke yake. Uko wa usaha unaozunguka pafu, wa uvimbe, na wa majeraha ya ajali. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kisifichwe.

Tudai nini?

Kwanza, siku ya sindano na siku ya kupima damu ziwe ruhusa yenye malipo, nazo ziandikwe katika mkataba wa pamoja. Pili, aliyepasuliwa asirudishwe kwenye mizigo kabla mfupa wa kifua haujaunga, jambo linalochukua miezi 2 hadi 3. Apewe kazi nyepesi, asifukuzwe. Tatu, nyumba za wafanyakazi zisijazwe watu kama magunia ghalani.

Dada yule anangoja zamu yake ya kupasuliwa. Vali zake zimeharibika sana, na kila mwezi alioitwa mvivu ulikuwa mwezi wa matibabu uliopotea. Mwezi uliopita binti yake alisema koo linamuuma. Mama hakungoja Jumapili. Siku ile ile aliomba ruhusa, na wenzake wakasimama pamoja naye mbele ya msimamizi mpaka ikatolewa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mwenzako akianza kuhema, usimcheke. Mwambie mjumbe wenu leo.