Aliyefunga Mlango Anadaiwa Chakula

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Maimamu Bukhari na Muslim. Aghalabu tunasema kosa lake ni kumnyima chakula. Lakini tukiizingatia vyema, tutaona kuwa kwanza alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Kule kumfungia ndiko kulikomtwika dhima.

Jambo hili lilidhihiri mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipowafungia watu majumbani. Katika mji wa Istanbul, Uturuki, paka na mbwa wengi wasio na mwenyewe huishi kwa makombo ya mikahawa na hisani ya wapita njia. Usiku wa Aprili 10, mikoa 31 ya nchi hiyo ikaingia katika amri ya kutotoka nje kwa siku mbili. Mikahawa nayo ilikwisha kuzuiwa kupokea wateja wa kukaa. Wanyama hao hawakufungiwa ndani, bali walifungiwa nje, mbali na mkono uliokuwa ukiwalisha.

Serikali ya huko ililitambua deni hilo. Wizara ya Mambo ya Ndani iliwaagiza wakuu wa mikoa wawapelekee wanyama chakula na maji bustanini na kwengineko wanakoishi. Na hata wenye kwenda kuwalisha waliruhusiwa kutoka wakati wa marufuku.

Hayo si ihsani tupu. Wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wameeleza kuwa kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenye kummiliki. Akikataa, hulazimishwa kumlisha, au kumuuza, au kumchinja ikiwa ni wa kuliwa.

Mwaka 2024 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwaweka katika makazi maalumu. Hoja ya usalama wa watoto ina uzito wake, wala hatuipuuzi. Lakini aliyewatia ndani ndiye anayedaiwa chakula, maji na dawa zao.

Nasi tujihesabu majumbani mwetu. Tunapofunga safari na kuacha kuku bandani, mbuzi kambani au paka chumbani, tusitie kufuli kabla ya kujua nani atawalisha.

Wallahu a'alam.