Boma Lenye Tundu

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya chanjo, nami naanza kwa kukiri kosa la nyumba yangu mwenyewe.

Mwanangu wa nne alipozaliwa, mama yake alimpeleka zahanati bila kukawia. Akachomwa sindano ya kifua kikuu, akatiwa matone ya polio kinywani. Majuma 6 tukamrudisha, na majuma 10, na majuma 14. Kisha ukaja wakati wa kulima, tukahamia shamba letu la mbali, upande wa bonde la Malagarasi, na ile kadi ikabaki nyumbani ndani ya sanduku. Mwezi wa 9 ukapita, na mwezi wa 18 pia. Mtu akiniuliza, nilijibu, "Mtoto amekwisha chanjwa." Alipotimiza miaka miwili alishikwa na surua. Alipona, lakini jicho lake la kushoto halioni vema hata leo. Kila anigeukiapo kunitazama, naikumbuka ile kadi.

Basi, akina baba na akina mama, surua ni ugonjwa wa kuambukiza kupita magonjwa mengi. Katika watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 85 ndio wapatao kinga. Waliosalia hawakupata, wala hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Ndiyo sababu ya chanjo ya pili, ya mwezi wa 18. Tena ili surua isienee kijijini, yapasa watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga. Fisi hapigi kichwa mahali boma lilipo imara. Huzunguka hata aone tundu. Mtoto wangu asiyechanjwa alikuwa tundu katika boma la kijiji kizima, na mtoto mchanga wa jirani, ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika, alilala karibu na tundu hilo.

Sisi tukaao mpakani twajua kwamba maradhi hayana taifa. Mwezi Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walifika kwa maelfu Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha waliougua walikuwa kama 3,000, na 31 wakafa. Wawili katika hao walikuwa Watanzania. Watu wakachukuliwa kwa meli Liemba hata Kigoma, kisha kwa magari hata Nyarugusu, katika Kasulu yetu. Mwezi Juni kambi ikaanza kupewa chanjo ya kipindupindu, ambayo hunywewa. Haikuondoa kazi ya kuchimba vyoo na kusafisha maji. Iliongeza ukuta juu ya ukuta.

Tena mwezi Machi 2023 Burundi ilitangaza kwamba polio imeonekana kwake, na baadaye mwaka huo mtoto mmoja wa mkoa wa Rukwa akapooza. Kirusi hicho kilitokana na kile kilichodhoofishwa kwa kutengeneza matone. Penye watoto wengi wasiochanjwa, huweza kupita kwa mtu na mtu muda mrefu hata kikarudia ukali wake. Penye watoto waliochanjwa wote hakipati njia. Kwa hiyo mwezi Septemba watu wa afya walichanja katika mikoa 6, Kigoma ukiwa mmojawapo, wakiwatia matone watoto walio chini ya miaka 8.

Wako wasemao kwamba chanjo huondoa uzazi. Na watazame: mpango wa taifa wa kuchanja watoto ulianza mwaka 1975. Waliochanjwa siku zile ndio akina mama na akina bibi wa leo, na wana wao na wajukuu wao tunawabatiza kila mwaka. Wengine husema kwamba mtoto hushikwa na homa. Ni kweli, wako wapatao homa kidogo kwa siku moja au mbili; ikizidi, mrudisheni zahanati. Wengine tena husema, "Mungu ndiye mlinzi." Ndiye, lakini amwombaye Mungu amlindie mbuzi wake haachi mlango wazi usiku. Ndui, iliyowatia makovu wazee wetu, haipo tena duniani; mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na kilichoiondoa ni kuchanja.

Basi nawasihi mambo matatu. Kwanza, kadi ya mtoto isikae chini ya sanduku. Mkihamia shamba, ihame pamoja nanyi, na zahanati yo yote iliyo karibu itamchanja. Pili, aliyepitwa na siku asione haya kwenda. Kuchelewa ni bora kuliko kuacha. Tatu, nanyi walimu, waulizeni watoto wa shule habari za wadogo zao walioko nyumbani, kwa maana mara nyingi mtoto ndiye akumbukaye siku ambayo baba ameisahau.

Jioni hii, kabla hamjalala, ifungueni kadi hiyo mkaisome hata mstari wa mwisho. Mimi sikuisoma.