Uzuri wa mkakasi, ndani risasi

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya ndoana inayong'aa gizani. Najua utaniuliza, mkazi wa mjini ana haja gani na ndoana? Vuta subira, kwani ndani ya kitu hicho kidogo mna elimu, mna ufundi, na mna sumu.

Katika majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, huko Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi. Wavuvi hutoboa barafu na kuteremsha ndoana fupi iliyomiminiwa shingoni tone la risasi. Ninaposema risasi, nakusudia yale madini mazito na laini, si kitu cha kutia katika bunduki. Wenyewe ndoana hiyo huiita jigi. Kichwa chake kina kazi mbili: ni chubwi ya kuizamisha ndoana, na ni sura ya chambo. Lakini chini ya barafu mna giza, kwa hiyo wengi hukipaka rangi inayong'aa yenyewe.

Usifananishe jambo hili na taa za wavuvi wetu wa dagaa. Taa hukusanya kundi zima. Jigi humwonyesha samaki mmoja tu mahali chambo kilipo. Katika maziwa hayo yumo samaki aitwaye wolai, ambaye jicho lake lina utando unaorudisha mwanga, kama jicho la paka. Mwanga hafifu unamtosha.

Mwanga huo unatoka wapi? Hakuna betri wala uchawi. Chembe za rangi hiyo hupokea mwanga, zikauhifadhi kama mtungi uhifadhivyo maji, kisha zikauachia kidogo kidogo. Zamani ilitumika salfaidi ya zinki, ambayo hufifia upesi. Mwaka 1993, katika kampuni ya Nemoto ya Japani, ilipatikana aluminati ya strontiamu iliyochanganywa na europiamu na disprosiamu kidogo. Hii hung'aa zaidi, na kwa saa nyingi. Mvuvi huimulika jigi kwa tochi muda mfupi, kisha huitosa majini.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe. Rangi inayopendwa si ya maji wala ya mafuta, bali ni ya unga. Kwanza, kichwa cha jigi hupashwa moto kwa sekunde chache. Pili, huchovywa katika unga, nao huyeyuka na kushika papo hapo. Ili unga usigande mabonge, fundi huupulizia hewa kutoka chini kwa pampu ndogo. Unga huumuka ukawa mwepesi kama majimaji. Tatu, rangi nyeupe hutangulia na ile ya kung'aa hufuata, kwa sababu kijivu cha risasi hunywa mwanga, na weupe huurudisha. Mwisho, jigi huokwa katika oveni kwa nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20 hivi, unga ukawa gamba gumu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, hivyo kichwa hakiharibiki. Oveni hiyo isitumike tena kwa chakula.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Yuko atakayesema kwamba madhali risasi imefunikwa kwa gamba, sumu imekwisha. Mimi sikubali. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afadhali huo wa mti! Gamba hugonga mawe likabanduka, na mshipi hukatika jigi ikabaki ziwani. Yuko ndege wa majini aitwaye luni, ambaye humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula ndani ya firigisi. Akimeza jigi, firigisi husaga rangi kwanza, kisha risasi. Jigi moja yatosha kumwua. Kwa sababu kama hiyo, mwaka 1987 Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi nyingi za risasi, ili kuwaokoa batamaji.

Na binadamu je? Mafundi wengi huyeyusha risasi wenyewe nyumbani, na hapo rangi haijafika bado. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, hawahitaji kufundishwa hayo.

Mbadala upo. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232, bismathi kwa nyuzi 271. Yote mawili huvumilia joto la oveni tuliyoitaja, na hupokea unga ule ule unaong'aa. Gharama ni kubwa zaidi, na kwa kuwa bati ni jepesi, kichwa lazima kiwe kikubwa kidogo ili uzito ulingane.

Basi, ndugu msikilizaji, ikiwa jirani yako anayeyusha risasi uani kwa ajili ya chubwi, mwambie watoto wakae mbali, na sufuria ile isirudi jikoni kamwe. Hayo ndiyo yangu kwa juma hili. Kwaherini.