Mwongozo wa kompyuta kwa anayeanza: tulikosea wapi?



Tulipoanza kuhamisha hesabu za sharika kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, ofisi yetu ya miradi iliandaa kitabu cha mwongozo wa programu ya Excel chenye kurasa 62. Sura ya kwanza ilieleza sehemu zote za kompyuta, ya pili ikataja menyu moja baada ya nyingine, na fomula zilijaa tele. Tulikigawa katika semina ya watunza hazina, tukarudi ofisini tukijipongeza.

Baada ya miezi mitatu mama mmoja, aliyetunza hazina ya usharika wake kwa miaka 11 kwa daftari na kalamu, alituletea barua ya kujiuzulu. Jumla ya sadaka ya mavuno kwenye kompyuta ilikuwa pungufu kwa shilingi 380,000 ikilinganishwa na daftari lake. Wazee wa kanisa hawakumtuhumu kwa maneno. Walinyamaza tu, naye aliuelewa ukimya ule.

Tulikaa naye tukapitia mstari kwa mstari. Fedha zote zilikuwepo. Ila baadhi ya viwango aliviandika kama sote tunavyoandika kwenye risiti: 45,000/=. Kwa programu ile, alama hiyo ya mwisho hugeuza namba kuwa maneno, na fomula ya kujumlisha huyaruka maneno bila kutoa onyo lolote. Dalili ipo, lakini ni lazima uambiwe: kwa kawaida namba husogea upande wa kulia wa kisanduku, maneno hubaki kushoto. Katika kurasa zetu 62 jambo hilo halikuandikwa popote.

Alituuliza pia kuhusu alama za ####. Alidhani kompyuta imekataa hesabu yake, akafuta na kuandika upya mara nyingi. Kumbe safu ni nyembamba, namba haienei. Ukibofya mara mbili kwenye mstari unaotenganisha herufi za safu pale juu, safu hupanuka na namba huonekana.

Kosa letu si geni. Miaka ya 1980 huko Marekani, mtafiti John Carroll wa kampuni ya IBM aliwaangalia watu wa maofisini wakijifunza programu ya kuandikia. Hawakusoma kitabu kwa utaratibu. Waliruka kurasa, wakajaribu kazi yao moja kwa moja, wakakosea, kisha wakakwama kwa sababu kitabu hakikuwaonyesha njia ya kutoka. Alipowapa kijitabu kifupi mno, kinachoanza na kazi yenyewe na kueleza namna ya kujinasua, walijifunza upesi zaidi. Utafiti huo aliueleza katika kitabu mwaka 1990. Sisi tulikuja kuusoma tukiwa tumeshachapa nakala zetu!

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kazi ile tunaiheshimu. Hata hivyo, mtu anaweza kusoma neno "Hifadhi" vizuri kabisa asijue kwamba akifunga bila kulibofya, sadaka za Jumapili tatu zinaweza kupotea.

Basi tuliandika upya, na mama yule akiwa mezani pamoja nasi. Tulimwomba afanye kazi huku sisi tumekaa kimya, jambo gumu kwa watu waliozoea kufundisha. Kila alipositasita tuliandika sentensi moja. Sasa ukurasa wa kwanza unasema: "Fungua faili, andika sadaka ya Jumapili iliyopita." Baada ya kila hatua tumeeleza utakachokiona kwenye skrini, na kama hukioni, ufanye nini. Ctrl na Z, vitufe vya kurudisha ulichokosea, vipo ukurasa wa kwanza. Zamani vilikuwa wa 47. Historia ya kompyuta tumeiondoa, na hakuna aliyeiulizia.

Kijitabu kina kurasa 9. Barua ya kujiuzulu aliichukua mwenyewe akaichana.

Nakala zipo katika ofisi za majimbo. Ukikwama mahali, weka alama ya kalamu pembeni, kisha turudishie nakala hiyo kabla ya semina ijayo.