Ziwa Lisilo na Mlango wa Kutokea: Metali Nzito na Samaki wa Rukwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwona mchimbaji mdogo wa Chunya akisaga mawe kwenye karasha, akiosha unga wake, akimwaga zebaki ishike chembe za dhahabu, akikamua kwa kitambaa na kuchoma. Moshi ulipaa, marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, yakabaki chini. Leo tuyafuate mvua inapoyazoa.

Maji ya mito ya Lupa na Songwe, yanayoyabeba, hayafiki baharini. Huishia Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na hakuna mto unaotoka humo. Jua hulipunguza ziwa, lakini metali nyingi zilizoingia humo hulala kwenye tope.

Si kila metali ni adui. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, na chuma hichohicho kimo katika damu ya samaki. Shaba na zinki pia anazihitaji, kwa kiasi kidogo sana. Zebaki, risasi na kadimi hazina kazi yoyote mwilini mwake.

Ukinunua perege sokoni Sumbawanga, inua kifuniko cha shavu lake. Utaona matamvua mekundu, membamba kama nyuzi. Hapo ndipo anapovutia hewa na kupokea chumvi za maji. Shaba ikizidi, humpotezea chumvi ya mwili. Kadimi na risasi huziba njia ya kalisi. Matamvua hutoa ute mwingi, naye hukosa pumzi ndani ya maji.

Sumu ikiwa ndogo hafi, ila hudumaa. Chakula ambacho kingejenga nyama hutumika kutengeneza protini za kuifunga metali katika ini na figo. Hamu ya kula hupungua. Wachanga huumia kuliko wakubwa: mayai hayaanguliwi, vifaranga hutoka na migongo iliyopinda. Mvuvi huona nyavu nyepesi, asijue kwamba hasara ilianzia kwenye mazalio.

Maji ya Rukwa yana magadi, na hiyo ni kinga kiasi, kwani katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya shaba na risasi hugandamana na kuzama. Zebaki ina njia nyingine. Bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huigeuza kuwa methilizebaki, inayoingia kwenye nyama na kukaa. Mdudu huila kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, kambare mkubwa hula samaki wengi. Kila ngazi huongeza mzigo, na kuchemsha au kukaanga hakuutoi.

Kambare huyo anaweza kuwa mnene na mchangamfu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa methilizebaki uliotambuliwa mwaka 1956 uliwapata watu waliokula samaki wa ghuba yao kama kawaida. Mkataba wa kudhibiti zebaki uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo zebaki ya Chunya ni habari ya jiko la Sumbawanga. Samaki hai si ushahidi wa maji safi. Ushahidi ni kipimo cha tope na cha nyama, kinachorudiwa kila mwaka. Nayo kinga ianze kule juu, kwa kuchomea dhahabu katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na kwa kuyaweka marudio mbali na mkondo. Zebaki ikishuka bondeni, hakuna mto wa kuiondoa.

Wiki ijayo: dhahabu bila zebaki.