Tarakilishi iwe mtumishi wa mwalimu, isiwe nyapara

Ni saa tatu za usiku katika wiki ya mwisho wa muhula. Juu ya kilima kilicho nyuma ya shule moja ya mashambani, mwalimu amesimama gizani, ameinua simu yake mithili ya mtu aombaye mvua. Anatafuta mtandao. Tangu alasiri amekuwa akijaza alama za wanafunzi wake, na kila akaribiapo kumaliza, mfumo humtupa nje na kumtaka aanze upya. Nyumbani insha arubaini zinamngoja zisahihishwe, na somo la kesho asubuhi bado halijaandaliwa. Rafiki yangu huyo aliponisimulia mkasa wake alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuja kuzilaani tarakilishi. Wazee wetu katika kazi hii wanakumbuka enzi ambapo mwalimu wa Lodwar au Mandera alilazimika kuabiri basi hadi Nairobi kufuatilia faili iliyopotea, akalala kwa jamaa siku tatu, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo. Leo hati ya mshahara husomwa kwenye simu, na ombi la uhamisho hutumwa bila kupanga foleni mlangoni pa karani. Hizo ni faida ambazo hakuna mwenye akili timamu angependa kuzipoteza.

Hata hivyo, kila chenye faida kina gharama yake, na ni haki kuuliza anayeilipa ni nani. Katika muda wa miaka michache, kazi ya mwalimu wa Kenya imehamia mtandaoni kwa kishindo. Mnamo 2016 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilieneza kote nchini utaratibu wa kutathmini utendakazi wa walimu ujulikanao kama TPAD, ambao ulimtaka mwalimu kujaza maelezo yake kwenye mtandao kila muhula. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ikaanzisha NEMIS, daftari kubwa la kitaifa la wanafunzi, na fedha za serikali zikawa zinafuata majina yaliyosajiliwa humo. Mtaala wa umilisi ulipopanda kutoka gredi moja hadi nyingine, Baraza la Mitihani likawataka walimu kupakia alama za tathmini za shuleni katika tovuti yake. Majilisi yenyewe imehamia kwenye kikundi cha WhatsApp, ambako amri hutolewa wakati wowote, usiku na mchana.

Kila mmoja wa mifumo hiyo, ukiutazama peke yake, una sababu nzuri. Taabu huanza inapokutana yote juu ya bega moja. Waliobuni mfumo wa kwanza hawakukaa na waliobuni wa pili, na kwa hivyo jina lile lile la mwanafunzi huandikwa mara tatu mahali patatu. Muhula unapofunga, maelfu ya walimu huingia mtandaoni kwa siku zile zile, na mitambo inalemewa kama matatu iliyopakiwa kupita kiasi. Vifurushi vya data, aghalabu, hutoka mfukoni mwa mwalimu, na simu inayotumiwa ni yake aliyoinunua kwa mkopo.

Yapo pia mambo ambayo mashine haikuelezwa. NEMIS ilidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu katika eneo la wafugaji, mwenye watoto ambao hawakupata kuandikishwa walipozaliwa, alijikuta njia panda: mtoto ameketi mbele yake darasani, anasoma na kuandika, lakini kwa mujibu wa mtambo hayupo. Asiyekuwapo kwenye mtambo haletewi fedha. Mwalimu aliyekuwa akifundisha hesabu akageuka mfuatiliaji wa vyeti katika afisi za usajili.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni manung'uniko madogo madogo ya watu wasiopenda mabadiliko. Nami ninamsihi aitazame Uingereza. Kuanzia 1999 shirika la posta la nchi hiyo liliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Punde si punde wasimamizi wa matawi wakaanza kuona mapengo katika hesabu zao, pesa ambazo hawakuzichukua wala hawakujua zilikokwenda. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo. Mtambo uliaminiwa, binadamu akashukiwa. Hadi kufikia 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wamepatikana na hatia za wizi, ulaghai na udanganyifu wa hesabu. Wako waliofungwa jela. Wako waliouza nyumba zao ili kuziba pengo ambalo halikuwapo.

Ni mwaka wa 2019 ambapo Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuvuruga hesabu za matawi, na ni 2024 ambapo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Miaka ishirini na mitano! Wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa. Kasoro zenyewe zilikuwa za kawaida, kwa maana hakuna mtambo usiokuwa nazo. Lililoangamiza watu ni kukosekana kwa mtu wa kumsikiliza mfanyakazi aliposema, "Mtambo huu unakosea."

Basi nini kifanywe hapa kwetu? Kwanza, atakayeuvaa mkanda aulizwe kiuno chake. Kabla mfumo wowote haujaenezwa nchini, wabunifu wake waondoke katika afisi zenye mtandao wa kasi na waende wakaketi na mwalimu wa shule yenye walimu wanne na simu moja yenye chaji. Wamtazame akijaribu kuutumia, wasimfundishe wala wasimsaidie. Pale atakapokwama ndipo penye kazi yao. Siku moja ya kutazama hivyo itawafaa kuliko warsha nyingi za hotelini.

Pili, mfumo ukubali hali ya nchi ulimo. Kuna programu zinazomwezesha mtu kuandika bila mtandao, zikahifadhi kazi yake katika simu na kuituma mtandao ukirejea. Ufundi huo si mgeni. Lau mifumo ya elimu ingejengwa hivyo, rafiki yangu asingepanda kilima usiku. Vivyo hivyo, tarehe za mwisho zingeweza kupangwa kwa zamu, kaunti hizi wiki hii na zile wiki ijayo, ili mlango mmoja usigombewe na nchi nzima.

Tatu, taarifa iliyokwisha kutolewa mara moja isiombwe tena. Ikiwa TSC, Wizara na Baraza la Mitihani zote zinahudumia shule zile zile, hakuna sababu ya mwalimu kuwa tarishi wa kupeleka majina kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mitambo na isemezane yenyewe, mradi izingatie Sheria ya Kulinda Data ya 2019, maana habari za watoto si mali ya kutapanywa.

Nne, mwajiri anayetaka kazi ifanywe kwa mtandao agharimie mtandao huo. Hatujawahi kumwambia mwalimu anunue chaki. Kwa nini basi anunue vifurushi vya data? Serikali ilisambaza vifaa vya kidijitali vya wanafunzi katika shule za msingi kuanzia 2016, na walimu wengi waliona vikifungiwa makabatini kwa kukosa umeme, marekebisho au mafunzo. Funzo ni kwamba kifaa bila matunzo na bila mtu aliyeandaliwa kukitumia ni pambo tu. Mafunzo nayo yafanywe katika saa za kazi, na awepo mtu wa kupigiwa simu mambo yanapokwama, mtu ambaye hujibu.

Tano, ni lazima tuheshimu mapumziko. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira mwafaka ya kazi, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi, na tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima simu za kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu mswada wenye nia kama hiyo uliletwa katika Seneti mnamo 2022, na waajiri wakaupinga. Lakini mwalimu mkuu hahitaji kungoja Bunge. Anaweza leo kutangaza kwamba ujumbe utakaotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni utasomwa kesho yake, isipokuwa pana dharura ya kweli.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Tuko tunaompa karani wa duka la kompyuta nenosiri letu atujazie, kisha tunashangaa mambo yetu yakijulikana sokoni. Tuko tunaonakili malengo ya muhula uliopita neno kwa neno, tukaifanya tathmini kuwa mzaha, halafu tukalalamika kwamba haina maana. Kumwuliza kijana aliyehitimu juzi jinsi ya kutumia programu si aibu. Aibu ni kujifanya unajua. Tena, kasoro inapotokea, tuiandike: siku gani, saa ngapi, ilisema nini. Malalamiko ya mdomo hupeperuka, na yaliyoandikwa hudumu. Wasimamizi wale wa posta wa Uingereza walishinda hatimaye kwa sababu walitafutana, wakagundua kwamba hawakuwa peke yao, wakaweka ushahidi wao pamoja.

Nanyi wanafunzi mnaosoma haya, baadhi yenu mtakuja kuibuni mifumo ya kesho. Mtakapokuwa mmeketi mbele ya mitambo yenu mizuri, mkumbukeni mwalimu aliyewafundisha kuandika jina lenu la kwanza. Mkijenga chombo ambacho yeye hawezi kukitumia kwa urahisi, mjue hesabu yenu ina kosa, hata kama kompyuta itawaambia mmefaulu.

Kipimo cha mfumo wowote katika shule hakipaswi kuwa idadi ya fomu zilizojazwa. Tuulize badala yake: je, mwalimu amebakiwa na muda zaidi wa kukaa na mtoto aliyeshindwa kusoma? Ikiwa jibu ni la, basi tumenunua nyapara kwa bei ghali. Rafiki yangu aliteremka kilimani saa tano usiku, alama zikiwa zimepokelewa hatimaye. Asubuhi yake aliingia darasani bila somo lililoandaliwa, na wanafunzi arubaini wakamtazama. Hakuna mfumo uliolinukuu hilo popote.