Je, Wajua? Safari ya Tela Nyuma ya Mashine ya Majani

Je, wajua kwamba mwaka 1994 mzee mmoja wa Marekani, Alvin Straight, aliyekuwa na miaka 73, alitoka Laurens, jimbo la Iowa, hadi Wisconsin, takribani kilomita 390, akiendesha mashine ya kukata majani? Alikuwa akienda kumwona kaka yake, Henry, aliyekuwa amepata kiharusi. Alvin hakuwa na leseni, macho yalishamchoka, na kuendeshwa na mtu mwingine hakutaka kabisa. Basi akafunga tela nyuma, akapakia petroli, chakula, nguo na vitu vya kulalia njiani, akashika barabara kwa mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa. Ilimchukua wiki 6! Mwaka 1999 David Lynch aliitengenezea filamu safari hiyo.

Kazi ya kila siku ya vitrekta hivi vya kukata majani, vikifungwa tela, ni ya kawaida tu: kubeba kuni, samadi, mchanga. Ujanja uko kwenye kupakia. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili uzito kiasi uelemee ndoano na matairi ya nyuma ya trekta yashike ardhi. Ukiurundika nyuma, tela linanyanyuka mbele, matairi yanazunguka bure. Mteremko ndio wa kuogopwa zaidi, kwani tela dogo aghalabu halina breki na hulisukuma trekta, hasa penye nyasi zenye umande. Wazoefu hushuka wima, kwa gia namba moja, na mtoto hapandishwi juu ya mzigo.